DAWA YA KUZUIA DAMU HAITAFUTWI SAA NANE ZA USIKU



Juma lililopita karatasi moja iliwekwa juu ya meza ya ofisi yetu. Haikuwa barua, wala malalamiko yaliyopigwa chapa. Ilikuwa risiti ya duka la dawa la mjini, imekunjwa mara nne, na saa iliyoandikwa juu yake ni saa nane na dakika 20 za usiku. Aliyeileta ni mwanachama wetu, askari wa usiku katika jumba moja la maofisi katikati ya mji, akaaye Kangemi. Hatutaji jina lake wala jina la hospitali, maana hatukukusudia kuishitaki hospitali moja. Yeye aliuliza neno moja tu: je, chama chaweza kumsaidia arudishiwe fedha zile?

Bibi yake alipelekwa hospitali jioni kwa uzazi wa kwanza. Uchungu ulikaa sana, mtoto hakushuka, ikaamuliwa mama apasuliwe. Mtoto alitoka salama, ni msichana. Lakini damu ya mama haikukoma. Akadungwa dawa ya kwanza, damu ikaendelea. Ndipo nesi akatoka mbio akiwa na kipande cha karatasi, akamwuliza ndugu yetu kama ana fedha mfukoni, kwa sababu dawa iliyotakiwa sasa haikuwamo katika stoo. Akapanda bodaboda. Duka la kwanza lilikuwa limefungwa. La pili lilikuwa wazi, dawa hawana. La tatu akaipata, akalipa, akarudi. Saa moja na robo ilikuwa imepita. Wale waliokuwa ndani hawakukaa bure: walilikanda tumbo, wakamtia maji kwa mshipa, wakamtia damu, na mwisho, ili wamwokoe, wakautoa mfuko wa uzazi. Yu hai. Ana miaka 23 na hatazaa tena.

Kampuni yake ilimkata mshahara wa siku mbili kwa kutoonekana kazini.

Twasema kweli, tulipoiona risiti ile tuliona haya. Katika mapatano yetu na waajiri mna kifungu cha viatu, mna kifungu cha koti la mvua, mna hata kifungu cha tochi na betri zake. Kwa jambo hili hamna neno. Tulikuwa tumelifikiria kuwa ni jambo la nyumbani.

Basi tumeuliza, tumesoma, na tumewaendea wenzetu wafanyao kazi za hospitali, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunaomba kila mwanachama ayasome hata kama hana mke wala binti, kwa maana kila mmoja wetu alizaliwa na mtu.

Mwanamke aliyefika siku za kuzaa, damu ipitayo katika mfuko wake wa uzazi ni zaidi ya nusu lita kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi kama mabomba yaliyokatwa. Hakuna uzi wa kuifunga yote. Kinachoifunga ni nyama ya mfuko wenyewe, ambayo hujikunja na kuibana. Nyama hiyo ikilegea, mama aweza kumaliza damu yake yote hali watu wanamtazama. Na aliyepasuliwa ana taabu zaidi, kwa sababu juu ya mishipa hiyo kuna jeraha la kisu, na mara nyingi nyama ya mfuko imekwisha choka kwa uchungu wa saa nyingi kabla ya operesheni. Tena damu yake haionekani mahali pamoja. Nyingine imo katika chupa ya mashine ya kufyonza, nyingine imelowa katika vitambaa, nyingine imejificha ndani ya tumbo baada ya kushonwa, na mama anapoanza kupauka na kutokwa na jasho la baridi kule wodini, dakika nyingi zimekwisha potea. Madaktari walizoea kusema ya kuwa aliyezaa kwa njia ya kawaida akitoka nusu lita ni hatari, na aliyepasuliwa ni lita 1. Lita 1 ni pakiti mbili za maziwa zile tununuazo dukani asubuhi. Fikiri pakiti mbili hizo zimemwagika sakafuni, ndipo watu waanze kuambiana kwamba kuna jambo.

Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi mmoja uliofanywa katika hospitali 183 za nchi 22 za Afrika. Waliwafuata wanawake 3,684 waliopasuliwa kwa uzazi. Walikufa 20. Ni kama mmoja katika kila 200, na wachunguzi wakaandika kwamba hiyo ni mara 50 ya vifo vya namna hiyo katika nchi tajiri. Damu ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Kisu ni kile kile na mshono ni ule ule. Kinachozidi kule kwao ni vitu vilivyowekwa tayari juu ya rafu kabla kisu hakijashikwa.

Na hapa kwetu? Wizara ya Afya ilitoa ripoti mwaka 2017 juu ya vifo vya akina mama vilivyotokea hospitalini mwaka 2014. Walichunguza vifo 484. Karibu 4 katika kila 10 vilikuwa vya damu, na katika zaidi ya 9 kwa kila 10 ilionekana kwamba matunzo aliyopewa mama hayakuwa yapasayo. Hesabu ya watu ya 2019 nayo ilionyesha wanawake 355 wanaokufa kwa uzazi katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Hizi si habari za maadui wa nchi. Ni karatasi za Serikali yenyewe.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo hasira yetu ilipo.

Dawa ya kwanza ni oksitosini. Hiyo huikaza nyama ya mfuko wa uzazi. Mwingereza Henry Dale aliionyesha nguvu yake mwaka 1906, na mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud akaweza kuitengeneza katika maabara, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Yaani ilikuwapo wakati baba zetu walipokuwa wakibeba vipande shingoni mjini humu. Ya pili ni ergometrini, ijulikanayo tangu 1935, ambayo ni kali lakini haifai kwa mama mwenye presha. Kuna misoprostoli, vidonge viwekwavyo chini ya ulimi, ambavyo havihitaji friji wala sindano. Na kuna ile iliyoandikwa katika risiti yetu, iitwayo asidi ya traneksamiki.

Hiyo ya mwisho yafaa tuieleze vizuri, kwa kuwa wengi hawaijui. Haiukazi mfuko wa uzazi. Kazi yake ni kulizuia donge la damu lisiyeyuke upesi, ili mishipa ipate kuziba. Iligunduliwa Ujapani mwaka 1962 na mama mmoja mwanasayansi, Utako Okamoto, pamoja na mumewe, na tangu mwanzo shabaha yao ilikuwa wanawake wanaotoka damu baada ya kuzaa. Ulimwengu ukakaa zaidi ya miaka 50 bila kuipima sawasawa kwa kazi hiyo. Mwaka 2017 matokeo yakatangazwa: wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, na Kenya ilikuwamo, waliozaa kwa njia ya kawaida na waliopasuliwa pia. Waliopewa dawa hii ndani ya saa 3 tangu kuzaa, vifo vya damu vilipungua kwa karibu theluthi moja. Mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba kila mama atokaye damu nyingi apewe gramu 1 kwa mshipa, polepole, kwa muda wa dakika 10, pamoja na dawa nyingine, aliyezaa kwa njia yo yote ile. Na kama damu haikukoma baada ya nusu saa, au ikirudi ndani ya saa 24, aongezwe gramu nyingine.

Kisha mwaka 2018 wataalamu wakapiga hesabu tena, wakaona ya kuwa kila dakika 15 za kuchelewa huondoa kama sehemu moja ya kumi ya faida yake. Ikipita saa 3, hakuna faida. Sasa rudini kwa ndugu yetu na bodaboda yake. Saa moja na robo ni dakika 75. Dakika 75 ni robo saa tano. Hakuna daktari, hata awe hodari namna gani, awezaye kuzirudisha.

Hatusemi dawa hii imwagwe ovyo. Wako watu waliotaka kila mama anayepasuliwa adungwe hata kama hatoki damu nyingi. Marekani walilijaribu jambo hilo kwa wanawake karibu 11,000, na majibu yaliyotolewa 2023 hayakuonyesha kwamba lilipunguza vifo au haja ya kutiwa damu. Basi twafuata lililothibitika: damu ikizidi, apewe, na apewe mara moja. Lakini dawa ya kutolewa mara moja ni dawa iliyomo chumbani. Iliyoko dukani upande wa pili wa mji si dawa, ni tangazo la biashara.

Hata oksitosini, ambayo hospitali karibu zote husema wanayo, ina kasoro yake ambayo fundi ye yote wa umeme ataielewa. Yataka friji, kati ya digrii 2 na 8. Ikikaa mezani, au katika kabati la dirishani, au katika lori lililosimama foleni tangu asubuhi, nguvu yake hupungua kidogo kidogo, na chupa haibadiliki rangi. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbali mbali za Afrika umekuta chupa nyingi ambazo hazina nguvu iliyoandikwa. Nesi anadunga, anangoja, mfuko haukazi, anadunga tena. Asubuhi yake anaulizwa alifanya nini. Wako wasemao kwamba Nairobi ni mji wa baridi na hakuna haja ya kuhangaika. Baridi ya Nairobi yatosha kumtia mtu koti, haitoshi kuhifadhi dawa. Na umeme ukikatika Kawangware usiku kucha, hata maziwa yanajua.

Yako matengenezo ya jambo hili. Mwaka 2018 ulimalizika uchunguzi wa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, juu ya kabetosini isiyoharibiwa na joto. Waliopimwa walikuwa wamezaa kwa njia ya kawaida, nayo ikaonekana haizidiwi na oksitosini katika kuzuia damu isianze kutoka kwa wingi. Huvumilia digrii 30 kwa miaka 3. Shirika la Afya Duniani limeikubali kwa aliyepasuliwa pia, mahali ambapo bei yake hailemei. Na bei iliyokubaliwa kwa hospitali za umma za nchi kama yetu ilikuwa kama senti 31 za dola kwa chupa, yaani shilingi 40 hivi. Mvua ikinyesha jioni, nauli ya matatu kutoka mjini mpaka Kangemi yazidi hapo. Tusichanganye mambo: hiyo ni ya kuzuia, si ya kutibu damu iliyokwisha anza. Lakini moto uliozuiwa hauhitaji gari la zimamoto.

Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi mwingine mkubwa, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, katika hospitali 80. Waliwawekea wazazi plastiki yenye alama za kupimia damu, badala ya kukisia kwa macho, na mara damu ilipofika kiasi, wakafanya yote kwa pamoja: kukanda tumbo, dawa ya kukaza mfuko, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipani, na kuchunguza damu yatoka wapi. Ubaya mkubwa ukapungua kwa sehemu 60 katika 100. Waliofanya kazi hiyo ni manesi na wakunga wa hospitali za kawaida, wengine wa nchi hii hii. Uchunguzi ule ulikuwa wa waliozaa kwa njia ya kawaida, waliopasuliwa hawakuhesabiwa. Lakini somo moja halihitaji uchunguzi mwingine: vitu vyote viwe mahali pamoja, tayari, kabla ya haja.

Hapa twataka kusema neno kwa wale wanaopenda kumlaumu nesi. Mama akifa, gazeti huandika uzembe wa wauguzi. Watu hupiga makelele mlangoni. Hakuna apigaye makelele kwenye ofisi ya mnunuzi wa dawa, kwa kuwa hakuna ajuaye iko ghorofa gani. Nesi mmoja wa zamu ya usiku huangalia vitanda ambavyo wawili au watatu wangechoka navyo. Twajua, kwa sababu wengine wetu huosha sakafu za wodi hizo na twamwona akikimbia.

Na kuna jambo la kutisha zaidi ambalo msomaji apaswa kulijua. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa nchi zote: katika vyumba vya kupasulia wazazi, chupa ndogo ya asidi ya traneksamiki hufanana sana na chupa ya dawa ya ganzi idungwayo katika uti wa mgongo. Zikiwekwa sanduku moja, mtu aliyechoka, usiku, kwa haraka, aweza kuishika isiyo yake. Ikidungwa mgongoni humtia mama kifafa cha nguvu, na katika visa vilivyoandikwa karibu nusu yao walikufa. Dawa ile ile iponyayo ikiwa mshipani huua ikiwa mgongoni. Dawa ya jambo hili ni rafu mbili badala ya moja, na kibandiko kinachosomeka. Je, rafu ya mbao yauzwa shilingi ngapi Gikomba? Na mara ngapi mfanya kazi wa stoo ameomba rafu akaambiwa bajeti haijapita? Kosa likitokea, rafu haiitwi mbele ya kamati ya nidhamu. Anaitwa mtu.

Watu wenye kumbukumbu fupi husema pia ya kuwa vyama vya wafanya kazi ndivyo viuavyo wagonjwa, kwa migomo. Mwaka 2017 madaktari walikuwa wamegoma kwa siku 100, na viongozi 7 wa chama chao wakatiwa jela mwezi wa Februari. Mwaka huo huo manesi wakakaa nje zaidi ya miezi minne. Twakubali, wagonjwa waliumia, na aliyeumia alikuwa maskini kama sisi, si mwenye nguvu ya kwenda hospitali za faragha za Parklands. Hatulifichi hilo. Lakini twauliza: usiku ule wa ndugu yetu palikuwa na mgomo gani? Madaktari walikuwapo. Nesi alikuwapo. Aliyekuwa amegoma ni rafu ya stoo, na huyo hajashitakiwa.

Tuhesabu fedha sasa, kwa kuwa waajiri wetu na Serikali hulielewa zaidi neno hilo.

Juni 2013 ilitangazwa kwamba kuzaa katika hospitali za Serikali ni bure. Baadaye ikaja Linda Mama. Oktoba 2024 bima ya zamani ikavunjwa, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, na kila mwenye karatasi ya mshahara akaanza kukatwa sehemu 2.75 katika kila 100 ya mshahara wote. Mtu apataye shilingi 20,000 hukatwa 550 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 6,600. Hakuulizwa kama apenda. Kwa fedha hizo yameandikwa malipo ya hospitali, shilingi 10,000 kwa aliyezaa kwa njia ya kawaida na shilingi 30,000 kwa aliyepasuliwa. Sisi si mawakili, lakini twaona kwamba dawa ya kuzuia damu ya aliyepasuliwa ni sehemu ya kupasuliwa, kama vile uzi wa kushonea. Hakuna fundi wa nguo achukuaye bei kamili ya suti kisha akakutuma usiku kununua uzi.

Basi ile risiti ya saa nane ni makato ya pili. Ya kwanza hukatwa mchana, kwa sheria, na karani. Ya pili hukatwa usiku, bila sheria, kwa mtu aliye na machozi machoni, ambaye hawezi kubishana bei. Na asiye na fedha mfukoni usiku huo je? Ndugu yetu alikuwa na mshahara siku tatu tu mkononi. Kama jambo lile lingetokea tarehe 20 ya mwezi, leo tungekuwa twachangisha ya mazishi, na kila mtu angetoa shilingi 200 na kusema ni mapenzi ya Mungu.

Ukiwauliza wakubwa, kila mmoja humwonyesha mwenzake. Tangu 2013 hospitali nyingi zi mikononi mwa kaunti. Kaunti yasema fedha hazijafika kutoka hazina kuu. KEMSA, shirika la kununua dawa, yasema kaunti zina madeni makubwa na hazilipi. Kaunti nazo zajibu kwamba KEMSA huleta sehemu tu ya dawa zilizoagizwa. Hospitali yasema madai yake kwa bima hayajalipwa. Wote huenda wasema kweli, na hilo ndilo baya. Mzigo ukiisha kuzungushwa mlango kwa mlango, mwisho huwekwa juu ya mabega ya mwanamume aliyesimama nje ya thieta na kofia mkononi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya afya ya hali ya juu, ya uzazi ikiwamo, na kwamba hapana mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kutumwa dukani wakati damu inatoka, sisi twakuita kunyimwa.

Wako wanachama, tena wazee wa chama tunaowaheshimu, waliotuambia kwamba hii si kazi ya chama. Chama ni mshahara, saa za kazi na likizo. Twawajibu kwa adabu. Sheria ya Kazi ya 2007 humpa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Walioipigania hawakuambiwa kwamba ni jambo la nyumbani, au waliambiwa wakakataa. Miezi 3 hiyo ni ya nani, kama mama hakutoka thieta? Na wengine, vijana hasa, wasema wanawake wa siku hizi wapenda kupasuliwa ili wasione uchungu. Maneno haya tumeyasikia kwenye vibanda vya chai, na twaona haya kuyaandika. Mwanamke wa Kangemi hachagui. Vituo vingi vya afya vya huko kwetu havina chumba cha kupasulia. Mtoto akikwama, mama hutiwa garini, apelekwe mjini kwa Waiyaki Way pamoja na malori na matatu yote ya magharibi. Ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, huishia James Gichuru, mlangoni pa Kangemi, na kugeuka. Mtu afikaye mezani baada ya safari hiyo amechoka, mfuko wake umechoka, na yeye ndiye atakaye dawa kuliko wote.

Kuna na jambo la damu yenyewe, ambalo hatuwezi kumwachia mtu mwingine. Dawa husaidia, aliyekwisha poteza lita mbili ataka damu ya mtu. Kipimo kilichozoeleka ni chupa moja kwa kila watu 100 kwa mwaka. Kwa watu milioni 47 na nusu waliohesabiwa 2019, ni chupa kama 475,000. Kwa miaka mingi kazi ya kukusanya damu ilisimama juu ya fedha za Marekani, na fedha hizo zilipokoma 2019 upungufu ukaonekana kila mahali. Sasa jamaa huambiwa walete watu wa kutoa damu mgonjwa akiwa kitandani. Chama chetu kina watu wazima wenye nguvu wa kutosha, nasi hatujawahi kupanga mstari hata siku moja. Lawama hii ni yetu wenyewe.

Halmashauri imekubaliana haya. Katika mazungumzo yajayo na waajiri tutaweka kifungu kipya: mfanya kazi ambaye mke wake yu katika hatari ya uzazi asikatwe siku, na mwanamke aliyepasuliwa akatokwa na damu nyingi aongezwe likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari, pasipo kupunguziwa ile miezi 3. Kwa ndugu yetu tumekwisha andika barua kudai siku zake mbili. Kwa Kaunti ya Jiji twaandika kuuliza neno moja ambalo laweza kujibiwa kwa ndiyo au siyo: je, katika kila chumba cha kupasulia wazazi cha hospitali zenu, usiku huu, mna sanduku lililofungwa lenye oksitosini iliyotoka katika friji inayofanya kazi, ergometrini, misoprostoli na asidi ya traneksamiki iliyowekwa mbali na dawa za ganzi? Hatuulizi mpango wa miaka mitano. Twauliza usiku huu. Na wenzetu wa vyama vya manesi, maofisa wa kliniki na madaktari tumewaomba watusaidie kuyasoma majibu, kwa sababu sisi twaweza kudanganywa kwa majina marefu.

Kwenu ninyi wanachama ombi letu ni hili. Mtu ye yote ambaye tangu Oktoba 2024 alitumwa nje ya hospitali kununua dawa, sindano, glavu au uzi kwa ajili ya mama aliyezaa, na makato yake ya bima yamelipwa, ailete risiti ofisini. Kama imepotea, aje aeleze siku, saa na kitu alichonunua, karani ataandika. Majina ya wagonjwa hayatatolewa. Risiti zitapigwa picha na kurudishwa kwa wenyewe, maana tunajua wengine huzitunza. Makatibu wa matawi ya mjini, Westlands, Kangemi na Kawangware wazikusanye mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na siku hiyo hiyo walete orodha ya watu walio tayari kutoa damu, wakianza na majina yao wenyewe.